Anastasia alitoroka au hakutoroka? Hadithi za watoto kuhusu familia ya mwisho ya Tsar

Likizo iliyopita sebule yangu iligeuka mahakama. Binti wa kaka yangu, ana miaka kumi, alikuwa ameangalia katuni ya Anastasia, binti wa Tsar, yaani mfalme wa Urusi, aliyetoroka mapinduzi, akapoteza kumbukumbu, akakulia kituo cha yatima. Kaka yake naye alikuwa amesoma kitabu cha msichana huyohuyo kilichoandikwa kwa mtindo wa shajara, na humo hamna kutoroka wala nini, kinaishia wamefungiwa kwenye nyumba ambayo vioo vya madirisha vimepakwa chokaa wasione nje. Wakabishana mpaka wali ukapoa. Mimi kwa kiherehere changu nikalipeleka swali kwenye grupu la familia la WhatsApp, na haikupita dakika tano baba mmoja akajibu kwa uhakika kabisa kwamba Anastasia alipatikana Berlin, akaja kufia Marekani, na picha zipo. Sasa tukawa na matoleo matatu. Binti akanigeukia: "Shangazi, kwa hiyo nani anadanganya?"

Jibu fupi ni kwamba Anastasia hakutoroka, na kati ya wale watatu hakuna aliyekusudia kudanganya. Jibu refu linahitaji tuelewane kwanza hivi vitabu ni vitu gani.

Riwaya ya kihistoria ni hadithi ya kutunga iliyopandwa ndani ya tukio lililotokea kweli. Sio kitabu cha historia cha shuleni, na sio hadithi ya sungura na fisi. Mimi huwa naifananisha na nyumba ya udongo. Unachimbia nguzo, unafunga fito, halafu unakandika. Nguzo ni yale ambayo mwandishi hana ruhusa ya kuyasogeza: nani alikuwepo, wapi, lini, na mambo yaliishaje. Udongo ni wake mwenyewe: walichoongea mezani, msichana aliwaza nini usiku, nani alimnunia nani. Hakuna aliyejificha chini ya kitanda akirekodi, kwa hiyo hayo lazima yatungwe, na mtunzi anayejua kazi yake anayatunga huku barua na shajara za wahusika zikiwa mezani. Kile kitabu cha kaka mtu kilikandika udongo kwenye nguzo halali (ila shajara yenyewe ni ya kutungwa, na hapo watoto wengi wanapotea, wanadhani Anastasia kaandika kwa mkono wake). Ile katuni, ya Marekani ya mwaka 1997, iling'oa nguzo ya katikati kabisa. Hiyo ni hadithi ya kichawi iliyokopa majina ya watu waliowahi kuishi, na sina ugomvi nayo, mradi mtoto aambiwe.

Haya, nguzo zenyewe.

Neno Tsar limetoka kwa Kaisari, yule wa Roma anayetajwa kwenye Biblia, na Kaiser wa Wajerumani ambaye askari wake walitawala Tanganyika ni neno hilohilo limebadilisha kanzu. Tsar wa mwisho alikuwa Nikolai II wa ukoo wa Romanov, alishika kiti mwaka 1894, na mwaka huohuo akamuoa Alexandra, mjukuu wa Malkia Victoria wa Uingereza. Wakazaa mabinti wanne mfululizo, Olga 1895, Tatiana 1897, Maria 1899, Anastasia 1901, halafu mwaka 1904 ndo akaja mvulana, Alexei, mrithi. Majina yao marefu yanawachosha watoto lakini mantiki yake sisi tunaielewa haraka: Anastasia Nikolaevna ni sawa na kusema Anastasia binti Nikolai, basi.

Wengi wanafikiri hawa mabinti walikuwa wanalala kwenye mito ya hariri na kuamka saa tano. Kumbe walilala kwenye vitanda vya kukunja vya kijeshi, asubuhi wanaoga maji baridi, na wafanyakazi waliwaita kwa jina lao na la baba badala ya vyeo virefu. Barua walizisaini pamoja OTMA, herufi ya kwanza ya kila mmoja. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, Olga na Tatiana walisomea uuguzi pamoja na mama yao wakawa wanafunga vidonda vya askari, wadogo wawili walikuwa hawajafikisha umri kwa hiyo wao walienda hospitali kuwasomea majeruhi na kucheza nao michezo ya mezani. Haya ni matamu sana kwa mwandishi wa watoto, na ndo maana vitabu vingi vinakaa hapo kurasa na kurasa, theluji, mbwa, vituko vya Anastasia ambaye alikuwa mtundu hasa.

Na hapa ndipo mimi naanza kukunja uso. Maana ukimwonyesha mtoto familia nzuri inapendana, baba mpole anapasua kuni na kuwasomea wanawe vitabu jioni, halafu ghafla watu wenye bunduki wanawafungia, mtoto anabaki na maelezo mamoja tu: watu wabaya wamewavamia watu wazuri. Katuni ilipita mkato zaidi, ikasema ni laana ya mchawi. Sasa ukiniuliza uongo mkubwa wa hizi hadithi uko wapi, sikuonyeshi yale mazungumzo ya kutungwa, nakuonyesha ukurasa ambao haupo, ule wa kueleza kwa nini Warusi wengi hawakumlilia Tsar alipoondoka.

Ukurasa huo una mambo ambayo mtoto wa miaka kumi anayaelewa bila shida. Mei 1896, sherehe za kutawazwa, watu waliahidiwa zawadi kwenye uwanja wa Khodynka huko Moscow: kikombe, soseji, mkate, peremende. Ukavuma uvumi kwamba zawadi hazitatosha. Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye foleni ya kitu cha bure anajua kilichofuata. Walikanyagana, wakafa watu zaidi ya 1,300, na usiku uleule Tsar akaenda kwenye dansi ya balozi wa Ufaransa kwa sababu washauri walimwambia wenyeji watakasirika asipotokea. Halafu Januari 1905, wafanyakazi wa viwandani na familia zao wakaandamana mpaka ikulu ya St Petersburg wakiongozwa na padri, wamebeba picha za watakatifu na picha ya Tsar mwenyewe, wanampelekea barua ya kuomba hali zao ziboreshwe. Wanajeshi wakafyatua risasi. Tsar hata ikuluni hakuwepo. Mpaka leo siku ile inaitwa Jumapili ya Damu.

Halafu vita. Mwaka 1915 Nikolai akaamua kwenda kuongoza jeshi mwenyewe, kwa hiyo kila askari aliyekufa akawa anahesabiwa kwake, huku mjini foleni za mkate zinazidi kurefuka. Mapema 1917 wanawake wa Petrograd (ndiyo St Petersburg ileile) waliingia barabarani kudai mkate, wanajeshi walioagizwa kuwazuia baada ya siku chache wakahamia upande wa waandamanaji, na tarehe 15 Machi Nikolai akang'atuka akiwa ndani ya treni, mji wa Pskov. Pale ikulu watoto walikuwa wameshikwa na surua. Hiyo picha ya taifa linaanguka na mama anashika kitambaa cha maji kwenye paji la uso la mwanae, mwandishi wa watoto akiikosa basi hata sijui ana kazi gani.

Kidogo kuhusu tarehe, kwa sababu inawachanganya hata walimu. Urusi ilikuwa bado inatumia kalenda ya zamani iliyokuwa nyuma siku 13 ukilinganisha na yetu. Ndo maana Mapinduzi ya Februari yalitokea Machi na ya Oktoba yalitokea Novemba, na vitabu viwili vikikupa tarehe tofauti za tukio moja usianze kumtuhumu mwandishi, pengine kila mmoja ameshika kalenda yake. Na mji ni huohuo: St Petersburg, ikawa Petrograd 1914, Leningrad 1924, ikarudi St Petersburg 1991.

Baada ya kung'atuka kulikuwa na mpango wa kuwapeleka Uingereza. Mfalme George V na Nikolai ni watoto wa mtu na dada yake, mama zao dada wa damu kutoka Denmark, na wamefanana mpaka unaweza ukawachanganya kwenye picha. Serikali ya Uingereza ilikubali kuwapokea, halafu George mwenyewe akaogopa wananchi wake watasemaje, mwaliko ukafutwa. Agosti 1917 wakapelekwa Tobolsk, Siberia. Novemba Wabolsheviki, yaani chama cha Lenin, wakachukua nchi. Masika ya 1918 wazazi na Maria wakatangulizwa Yekaterinburg, mji wa milima ya Ural, Alexei akaachwa nyuma na dada zake watatu kwa sababu alikuwa mgonjwa. Huko Tobolsk mabinti walipata barua yenye fumbo: zipangeni "dawa" kama tulivyokubaliana. Dawa ni vito, almasi na wenzake, na wasichana wakakaa siku kadhaa wanavishonea ndani ya nguo zao za ndani.

Nyumba ya Yekaterinburg ilikuwa ya mtu aitwaye Ipatiev, Wabolsheviki wakaipa jina la Nyumba ya Kazi Maalumu. Uzio mrefu wa mbao, vioo vimepakwa chokaa. Shajara ya Nikolai ya siku za mwisho haina hotuba, ameandika kwamba Alexei ameoga kwa mara ya kwanza tangu watoke Tobolsk, goti linapona ila halinyooki vizuri, hali ya hewa nzuri, habari za nje hakuna kabisa. Siku mbili kabla ya mauaji, walikuja akinamama wa mjini kupiga deki, na mabinti wa Tsar wakainama kusaidia kusugua sakafu. Hii haijatungwa.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Julai 1918 waliamshwa, wakaambiwa mji una vurugu washuke chumba cha chini. Nikolai alimbeba Alexei. Alexandra aliuliza kwa nini hamna viti, vikaletwa. Wakauawa wote kwa risasi na singe, saba wa familia na watu wanne waliokataa kuwaacha: daktari Botkin, mhudumu Demidova, mpishi Kharitonov na mtumishi Trupp. Anastasia alikuwa ametimiza 17 mwezi mmoja nyuma, wala hakuwa kitoto kidogo cha katuni. Alexei alikuwa hajafika 14. Siku nane baadaye jeshi la upande uliopinga Wabolsheviki likauteka mji.

Sasa kama wote walikufa, ule uvumi wa kutoroka ulianzia wapi? Ulianzia kwa wauaji wenyewe. Serikali ilitangaza kwamba Tsar ameuawa, lakini mke na mtoto wamepelekwa sehemu salama. Ni kama msiba unatangazwa nusu: umeambiwa baba amefariki, wengine "wapo", lakini hamna anayewaona, hamna kaburi, na mwenye nyumba hataki maswali. Hapo kila mtu anajazia la kwake. Miaka miwili tu baadaye, Februari 1920, mwanamke mmoja aliopolewa kwenye mfereji wa maji Berlin, akagoma kutaja jina. Baadaye akadai ndiye Anastasia, akajulikana kama Anna Anderson, akazungusha mahakama za Ujerumani kwa miaka mingi, akaolewa Marekani na kufia Virginia mwaka 1984. Huyu ndiye wa yule baba wa kwenye grupu.

Kilichommaliza ni kipimo cha DNA. Kuna DNA ya aina moja ambayo unarithi kwa mama peke yake, mama kwa bibi mzaa mama, hivyohivyo kurudi nyuma, kama Waluguru wanavyohesabu ukoo kwa upande wa mama. Mabaki yalipofukuliwa rasmi karibu na Yekaterinburg mwaka 1991, wataalamu walichukua damu ya Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth, kwa sababu bibi yake mzaa mama na Alexandra ni ndugu wa tumbo moja. Ikaoana. Na Anna Anderson, ingawa mwili ulishachomwa, hospitali aliyowahi kufanyiwa upasuaji ilikuwa imehifadhi kipande cha utumbo wake. Kilipimwa 1994, hakikuoana na Alexandra, kikaoana na familia ya mfanyakazi wa kiwandani kutoka Poland aitwaye Franziska Schanzkowska.

Lakini ubishi ulipata pumzi kidogo, maana kwenye lile kaburi walikuwepo tisa na waliouawa ni kumi na moja. Walikosekana Alexei na binti mmoja, wataalamu wakagongana kama ni Maria au Anastasia. Kwa hiyo ile katuni ya 1997 ilipotoka, mlango ulikuwa kweli haujafungwa. Ulifungwa 2007, mabaki ya wawili hao yalipopatikana umbali mdogo kutoka pale pa kwanza, na vipimo vikamaliza kazi. Mtu anayekuletea leo hoja ya "mbona mwili haukupatikana" amechelewa karibu miaka ishirini.

Na yule mchawi wa kwenye katuni? Rasputin alikuwa mkulima wa Siberia, mtu wa dini kwa namna yake, mlevi pia, na aliuawa Desemba 1916, yaani kabla ya mapinduzi. Hakumlaani mtu akiwa kuzimu. Kule kusema alilishwa sumu akapigwa risasi akagoma kufa, chanzo chake kikubwa ni masimulizi ya muuaji mwenyewe, Prince Yusupov, ambaye alikuwa na kila sababu ya kuonekana alipambana na shetani kuliko kuonekana alimuua mgeni wake. Risasi ndizo zilizomuua, kama zinavyoua mtu yeyote.

Aliingiaje ikulu ndo swali la maana, na jibu ni ugonjwa wa Alexei. Himofilia ni ugonjwa wa kurithi ambao damu haigandi inavyotakiwa. Mama anaubeba kwa kawaida bila kuumwa, wa kiume ndo anaugua, na huu ulitoka kwa Victoria. Watu wanadhani mtoto wa hivyo akikwaruzwa tu damu inamwagika mpaka anakufa. Hapana, mkwaruzo unafungwa bandeji. Balaa lenyewe ni damu inayovujia ndani, kwenye goti au nyonga, baada ya kujigonga tu, kama bomba lililopasuka ndani ya ukuta ambalo hulioni mpaka ukuta umevimba. Mwaka 1912 huko Spala, Poland, Alexei alivimba hivyo mpaka padri akaitwa kumwombea sala za mwisho. Rasputin akatuma telegramu kutoka Siberia, kwamba hatakufa na madaktari wasimsumbue sana. Mtoto akapata nafuu. Weka mguu wako kwenye kiatu cha yule mama, halafu kumbuka kwamba ugonjwa ulifanywa siri ya ukoo, kwa hiyo wananchi waliona malkia anamng'ang'ania mlevi wa kijijini na hawajui kwa nini. Wakajazia, na walichojazia hakisomeki mbele ya watoto.

Ukinunua kitabu cha aina hii, fungua nyuma kwanza, waandishi makini huweka maelezo ya kipi ni kweli na kipi wametunga, kisipokuwepo jua kazi hiyo umeachiwa wewe. Usiku wa mauaji waandishi wanaushughulikia kila mtu kivyake, wengine wanasimama kwenye ngazi, wengine wanasema tu "hawakurudi". Kwa mtoto wa miaka tisa hiyo inatosha sana. Mimi ningekuwa mtunzi ningempa hadithi Leonid Sednev. Alikuwa kijana wa jikoni mle ndani, rika la Alexei, walikuwa wanacheza pamoja. Tarehe 16 Julai mchana akaondolewa, ikasemwa mjomba wake amekuja kumuona. Mjomba alikuwa ameshauawa. Alexandra aliandika kwenye shajara yake siku hiyo akijiuliza kama ni kweli, na kama watamuona tena yule kijana. Yeye ndiye aliyekuwa ndani, na ndiye aliyebaki hai, na usiku ule alikuwa nyumba ya ng'ambo ya barabara.

Yote hayo niliwaeleza wale wawili jioni tatu, kwa vipande, nikiruka ya kurukwa. Binti alisikiliza ya DNA, ya mikate, ya almasi kwenye nguo, halafu akauliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo tangu mwanzo: mbwa je? Alexei alikuwa na mbwa, Joy, mwenye masikio marefu. Nikamwambia Joy alipona, mlinzi mmoja alimchukua kwake, baadaye ofisa wa jeshi pinzani akasafiri naye mpaka Uingereza, akazeekea Windsor, karibu kabisa na kasri la mfalme.

"Mfalme yupi? Yule aliyewakatalia?"

Yuleyule.

Akatazamana na kaka yake, na kwa mara ya kwanza likizo nzima hawakubishana.